Siku Kompyuta Zilipotutuma Langoni

Saa mbili za asubuhi, siku ya Jumanne, kompyuta zote za hoteli yetu ya Diani ziligoma kwa pamoja. Meneja, wahasibu, wasichana wa mapokezi na mpishi mkuu walitoka kila mmoja kwa mlango wake, wakakutana langoni mbele ya ubao mweusi ulioandikwa neno moja kwa chaki: KAIMATI. Skrini zao zote zilikuwa zimegeuka kijani na kuandika: "Umekaa mno. Inuka, nenda langoni, soma neno la leo, kisha urudi uliandike hapa." Na wote wakainuka. Miaka ile watu walikuwa bado wakiitii kompyuta.

Nilikuwa nimesimama pembeni ya ubao ule, na nilijua hasa kilichotokea. Lakini ili kieleweke ni lazima nirudi nyuma miezi michache.

Nilihamishiwa chumba cha kompyuta mwaka uliofuata zile mvua za El Niño. Kabla ya hapo nilikuwa nikipiga kwa taipureta jarida la wafanyakazi: nani ameposa, nani amejifungua, timu ya jikoni imeifunga timu ya bustani mabao mangapi. Meneja akaona kwamba kwa kuwa najua kuandika, nikaandike maelezo ya kutumia mitambo mipya kabla mwaka elfu mbili haujaingia, maana kila mtu alikuwa akisema kompyuta zitapotewa na akili usiku huo. Mimi ni mtu wa kijiji cha Waa, nilikulia kwenye mihogo na michungwa, na nilikuwa sijawahi kushika kipanya.

Chumba kilikuwa nyuma ya dobi, chembamba, chenye baridi ya kiyoyozi. Kilikuwa na sheria moja isiyovunjwa: viatu mlangoni, kwa sababu ya mchanga. Hata meneja alivua. Hivyo kabla sijazijua vizuri sura za wenzangu, nilivijua viatu vyao. Jozi ya raba zilizochanika ilikuwa ikihamahama mchana kutwa. Mara ipo, mara haipo, mara imetupwa huku na huku. Jozi ya pili, makubadhi mapana ya ngozi, ilikuwa ikiwekwa pale asubuhi, na jioni ilikuwa pale pale, haijasogea hata upana wa kidole.

Raba zilikuwa za fundi wetu wa programu, mtoto wa wakulima waliokuja kutoka bara na kupewa mashamba upande wa Kikoneni. Mwembamba kama ufito, mcheshi, Kiswahili chake cha Ukunda, nusu Sheng. Makubadhi yalikuwa ya mkuu wa chumba, mtu wa Msambweni, mnene, mpole, ambaye hoteli nzima ilimwita Ami. Chakula aliletewa mezani. Chai aliletewa mezani. Printa ilikuwa imesogezwa karibu naye ili asisimame.

"Shikamoo, Ami," nilimwamkia siku ya kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Hapa kazi yetu ni kukaa."

Wiki ya pili nikamkuta Ami ameinamisha kichwa. Mama yake, bibi mdogo wa umbo mwenye miguu myepesi, alikuwa amejiandaa kwenda Hija, na safari ilikuwa baada ya Ramadhani. Alihitaji mwana wa kufuatana naye. Wana walikuwa wawili: Ami, kifungua mimba, na mdogo wake, aliyekuwa akiendesha baiskeli hadi Kikoneni na kurudi bila kufuta jasho.

"Bi mkubwa amesemaje?" nilimuuliza.

"Amesema atakwenda na mwana anayetembea. Asiyetembea atabaki kulinda kuku."

Fundi akacheka mpaka akashika meza. Ami hakucheka. Tangu utotoni alikuwa akimwahidi mama yake kwamba yeye ndiye atakayempeleka Makka, na sasa kila mtu alijua kwamba kule watu hutembea: kuizunguka Kaaba, kwenda na kurudi Safa na Marwa, yote katika msongamano na jua kali. Ami alikuwa hafiki ufukweni bila kukaa njiani. Mama yake alikuwa amempa nafasi: Jumamosi moja kabla ya Ramadhani, atembee naye kutoka nyumbani Msambweni mpaka shambani kwake, mbali, juu ya kilima, bila kukaa. Akikaa, mdogo mtu atakwenda.

Silaha ya kwanza aliipata kwa mgeni wa Kijerumani, mzee aliyekuja kila mwaka. Barua pepe yake ilikuwa imepotea na Ami akaipata. Kwa shukrani akavua kiunoni kijisanduku kikubwa kama kibiriti, akampa. Kilikuwa kihesabu hatua: unakibana kwenye mshipi, na kila unapopiga hatua, kijiti cha ndani kinagonga, kach, na tarakimu zinasogea. Ami akakifurahia kama mtoto. Siku tatu alikuwa akikiinamia kila saa, na kila saa kilikuwa hakijaongeza kitu.

"Ami, cheki," fundi akasema. "Hii kitu inakuhesabia tu. Haikuinui. Wacha nikuandikie kitu ya kukuinua."

Programu hiyo akaiandika kwa siku mbili. Kila saa moja ikitimia, kompyuta ya Ami iligeuka kijani na kujifunga. Ili ifunguke, ilitaka neno la siku. Neno hilo fundi aliliingiza jioni kabla hajaondoka, kisha akamnong'oneza bawabu wa usiku, Mdigo wa Ukunda, naye alfajiri akaliandika kwenye ubao wa langoni, uliokuwa hautumiki tena. Na ili Ami asilikariri, kila baada ya safari moja ya langoni neno lilibadilishwa kwa lingine la siku hiyo. Bawabu wa mchana alikuwa na orodha yake kichwani. Kutoka chumbani kwetu mpaka langoni kulikuwa na barabara ndefu ya changarawe yenye mivinje pande zote, na mbega wakitutazama kutoka juu.

Siku ya kwanza Ami alijaribu ujanja. Alipiga simu ya ndani langoni.

"Hebu nisomee hilo neno, ndugu yangu."

"Siwezi, Ami. Nimeapishwa. Njoo ulisome mwenyewe."

"Umeapishwa na nani?"

"Na huyo mwembamba. Kasema nikikusomea, atanitia mimi ndani ya kompyuta."

Makubadhi yakatoka mlangoni. Niliyaangalia yakienda, nikajua kwamba kazi imeanza.

Tulikuwa tukimsindikiza, kwanza kwa huruma, halafu kwa kupenda. Katika barabara ile ndipo nilipowajua. Ndani ya chumba kila mtu aliongea na skrini yake; njiani tuliongea sisi kwa sisi. Nikajua kwamba fundi, pamoja na kuishi pwani tangu azaliwe, hajawahi kuingia baharini zaidi ya magoti, na kwamba Jumapili anapiga kinanda kanisani kwao, vidole vile vile vinavyopiga programu. Nikajua kwamba Ami alisomea mambo ya umeme wa redio, na kwamba akicheka hutikisika mwili mzima, kuanzia mabega mpaka tumboni, bila sauti, kama sufuria iliyofunikwa ikichemka. Fundi alikuwa amemwachia bawabu wa usiku achague maneno ya ubaoni, na kadiri Ramadhani ilivyokaribia ndivyo yalivyozidi kuwa ya chakula: mkate wa sinia, vibibi, tambi.

"Huyu bawabu ana njaa," Ami alisema.

"Ana imani," fundi akajibu. "Anakupa sababu ya kufika."

Mwanzoni Ami alikaa mara mbili njiani, kwenye mawe yaliyopakwa chokaa. Baadaye mara moja. Kisha siku moja akalipita jiwe lake la mwisho huku akisimulia jambo, na sisi wawili tukatazamana bila kumwambia.

Sasa nirudi Jumanne ile. Fundi alikuwa amechoka kuipakia programu kila jioni kwa mkono, na mimi pia nilikuwa nimeiomba kwenye mashine yangu. Kwa hiyo akaiweka kwenye faili ambayo kompyuta huisoma kila inapowashwa, akidhani faili ile ni ya chumba chetu peke yake. Ilikuwa ya hoteli nzima. Kisha akaenda zake nyumbani.

Basi wakakutana langoni. Mhasibu mkuu aliuliza kama huu ndio ule mwaka elfu mbili umefika mapema. Wasichana wa mapokezi walikuwa wamebeba viatu vya visigino mkononi, na nyuma yao wageni wa basi moja, waliodhani ni ukaribisho wa hoteli, walikuwa wakipiga picha. Mpishi mkuu aliusoma ubao, akausoma tena, akageuka kurudi jikoni. Yeye alidhani ni amri kutoka juu. Nusu saa baadaye kila meza ya mgeni ilikuwa na bakuli la kaimati za moto zinazong'aa shira.

Ami alishinda asubuhi nzima barabarani, langoni na kurudi, akimweleza huyu na kumtuliza yule. Meneja alipotuita ofisini, fundi alikuwa amepauka.

"Nani amefanya hivi?"

"Chumba ni changu, bwana," alisema Ami.

"Mzee, mimi nimetembea mpaka langoni kwa sababu ya mashine?"

"Umetembea, bwana. Na umerudi bila kukaa. Wako wanaokuonea wivu."

Meneja alimtazama, akatazama kijisanduku mshipini, akauliza ni nini, na Ami akamweleza yote, pamoja na kuku. Meneja akafunika uso kwa mikono. Tulidhani amekasirika, mpaka tukaona mabega yakitikisika.

"Iondoeni kwenye kompyuta zangu leo hii," alisema alipopata pumzi. "Ila kaimati ziendelee."

Tuliporudi chumbani tulicheka mpaka machozi. Ndipo fundi akainama ghafla karibu na kiuno cha Ami.

"Ami, cheka tena."

"Nicheke nini?"

"Cheka tu. Fikiria meneja akisoma 'kaimati.'"

Ami akatikisika. Kach, kach, kach. Tarakimu zilikuwa zikikimbia, naye ameketi.

"Buda," fundi akasema polepole, "hii kitu haihesabu hatua. Inahesabu kutikisika."

Na tangu programu ianze tulikuwa tumecheka kila siku. Tarakimu zote zile tulizozifurahia, hakuna aliyejua zilikuwa na mwendo kiasi gani na kicheko kiasi gani. Jumamosi ya mama ilikuwa imebaki siku chache. Ami alikifungua kijisanduku mshipini, akakiweka mezani, akakitazama kama rafiki aliyemdanganya kwa nia njema.

"Basi tutaiuliza miguu," alisema.

Tulikwenda wote Msambweni, fundi nami, tukiwa mashahidi. Bi mkubwa alitutazama kuanzia juu mpaka chini.

"Nyie ndio mnaomwinua mwanangu kwa umeme?"

"Ndiyo, bibi. Shikamoo," tukasema kwa pamoja.

"Marahaba. Haya, twendeni kabla jua halijawa na maneno."

Alikwenda kama anayefukuza mbuzi, kanga kiunoni. Mdogo mtu alitufuata na baiskeli yake, akiisukuma, akitabasamu kama aliyekwisha kufunga mizigo. Ami alikwenda nyuma ya mama yake. Tulipita misikiti miwili, kisima, michungwa, tukaanza kupanda. Katikati ya kilima pumzi ilimwishia. Alisimama, akautegemeza mgongo kwenye mnazi, akafumba macho. Sote tukasimama.

"Amekaa!" mdogo mtu akapaza sauti.

"Hajakaa, ameegemea," fundi akasema.

"Kuegemea na kukaa ni ndugu."

"Ndugu, lakini hawalali kitanda kimoja!"

Wakageuka kwa bi mkubwa. Yeye alimtazama mwanawe mkubwa, jasho likimdondoka, magoti yamenyooka.

"Kuegemea si kukaa," akahukumu. "Lakini ujue, baba, Makka hakuna minazi."

Ami akaubandua mgongo kutoka kwenye mnazi, akapanda sehemu iliyobaki akitikisika mwili mzima. Kama ni kwa uchovu au kwa kicheko, sikuweza kujua. Alifika shambani amesimama. Mdogo mtu ndiye aliyekaa, chini ya mchungwa, akaanza kumenya.

Walikwenda, mama na mwana. Ami alivaa makubadhi mapya na kijisanduku alikibana kwenye mshipi wa safari. Wiki zile fundi nami tuliendelea kwenda langoni, ingawa hakuna mashine iliyotulazimisha, na wahasibu wawili wakaanza kutufuata.

Waliporudi, tulikwenda kuwapongeza. Nyumba ilijaa watu, tende na maji ya zamzam. Nikauliza swali nililokuja nalo: ilikuwaje kutembea?

"Alhamdulillahi," alisema Haji wetu. "Bi mkubwa alichoka siku ya pili. Nikatafuta kiti cha magurudumu, nikamsukuma yote."

Kutoka upande wa wanawake ikaja sauti nyembamba: "Nani alimsukuma nani? Kiti nilikitafuta mimi. Nikamkalisha yeye, nikamsukuma mpaka mikono ikaniwaka."

"Mama!"

"Haya sema tena, Haji mzima, na maji ya zamzam bado mdomoni."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Fundi akaomba kijisanduku. Tarakimu zilikuwa ndogo kuliko siku walipoondoka. Zilikuwa zimefika mwisho na kuanza upya, mara moja au mara ngapi haikujulikana. Mimi nikatoka mlangoni kutazama soli za makubadhi yake zimelika kiasi gani. Makubadhi yaliyokuwa pale hayakuwa yake. Yake aliyavua kwenye mlango wa msikiti kule Makka, akarudi na ya mtu mwingine, yamelika upande mmoja.

Mpaka leo kila mmoja wao anashikilia kwamba yeye ndiye aliyesukuma.