Siku Mjomba Alipokifuata Kijito

Kijito chetu si cha kumtisha mtu. Mahali pengi unakiruka bila hata kupandisha kanga, na kiangazi kikiwa kikali maji hushuka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Lakini kilikuwa hakikauki. Tangu nipate akili sikuwahi kukiona kimekauka. Kiko upande ule ambako Nachingwea inaishia na Ruangwa inaanza, nacho kimejipinda kama ndoano: kinatokea nyuma ya mlima, kinapita kwanza kwenye kitongoji alikoolewa mdogo wangu, kinauzunguka mlima wote, ndipo kinatufikia sisi. Sisi ndio wa mwisho kunywa, na mtu wa mwisho kunywa hana raha, kila siku anawaza wa mbele yake wanafanya nini.

Hakuna anayekifuata kijito hicho. Kutoka kwetu kwenda kwa wakwe kuna njia ya mkato inayopita begani mwa mlima, na watu wote hupita hiyo. Kwa hiyo kila mtu anakijua kipande kipande: pale anapochota, pale anapofulia, pale anapovuka kwenda shamba. Katikati ya vipande hivyo ni msitu, na mtu mwenye kazi zake aingie msituni kutafuta nini?

Oktoba moja kikakauka. Mama alinipigia simu mjini Nachingwea nikiwa kwenye cherehani, na hakunisalimia. Mama yangu asiposalimia, ujue mambo yameharibika.

"Maji hakuna," akasema. "Wakwe wameyaziba. Si walinunua mashine ya kuvuta maji? Wanamwagilia nyanya za kuwauzia wachimba dhahabu kule Namungo. Kesho mjomba wako anakwenda kumchukua mdogo wako."

"Kumchukua kumpeleka wapi?"

"Kumrudisha nyumbani. Ndoa basi."

Niliinuka mpaka kiti kikaanguka. Asiye wa kwetu atauliza, mjomba anahusika vipi na ndoa ya mtu? Anahusika! Kwetu baba anazaa, lakini mwenye neno juu ya watoto wa dada yake ni mjomba. Yeye ndiye aliyepokea posa, yeye ndiye aliyemtoa, na akiamua kumrudisha, mwenye kubisha atabisha peke yake. Na mdogo wangu alikuwa anampenda mumewe. Nasema anampenda, si kuvumilia. Walikuwa wanacheka pamoja jikoni, jambo ambalo wanawake wengi wa kwetu hulisikia tu. Walikuwa na mtoto mmoja wa kubebwa mgongoni.

Jioni akanipigia mwenyewe, analia. Mjomba alikuwa ameshamwambia afunge nguo zake.

"Umefunga?" nikamwuliza.

"Nifanyeje, dada? Nimefunga."

Asubuhi nilichukua bodaboda, na njia nzima nilimkaripia dereva wa watu bila kosa. Nilimkuta mjomba uani kwa mama, panga kwapani, kofia kichwani, amekwisha kunywa uji.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja kushona nini huku?"

"Nimekuja kushona midomo ya watu," nikasema, na mama akanikata jicho. Lakini mjomba alicheka kidogo, nami nikaona hapo hapo ndipo pa kuingilia. Nikamwambia, mjomba, usipite njia ya mkato. Ukifika kule na maneno matupu watakana. Tukifuate kijito chenyewe tangu hapa mpaka tukute pale walipoziba. Tukikuta tuta lao, mzigo wa mdogo wangu nitaubeba mimi mwenyewe kichwani.

Alifikiri, akakubali. Mjomba ni mtu wa shamba na anapenda kitu cha kuonekana kwa macho.

Tukashuka bondeni tukaanza kupanda. Sikuwa nimewahi kukiona kijito kikiwa uchi namna ile. Tope lilikuwa limepasuka vipande, kambale wamekauka wakiwa wamejikunja, na pale kwenye vivuli nyani walikuwa wamefukua mashimo mchangani kutafuta unyevu. Kila kona mjomba alikuwa anatangulia haraka, panga mkononi, akitegemea kukuta tuta la udongo na magunia. Kona haina kitu. Anasonya, anakwenda nyingine.

"Leo leo," akawa anasema. "Aliyeziba, leo atanijua."

Mimi nyuma yake naomba tusikute kitu. Halafu nikajikemea, kwa sababu kama hatukuti kitu, maji yako wapi?

Jua lilikuwa utosini tulipotokea kwenye kitongoji cha wakwe. Tuta hakuna. Ile mashine ilikuwa imelala ukingoni, mpira wake umeingia kwenye kidimbwi kikavu. Nyanya zote zimekufa zikiwa zimesimama kwenye vijiti vyao. Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alikuwa anang'oa vijiti vile kimya kimya. Alipotuona akaja mbio, akainama.

"Shikamoo, mjomba."

Mjomba hakuitika. Jamani! Nimeona watu wakitukanana sokoni, nimeona watu wakirushiana ngumi kwenye mpira, lakini shikamoo isiyoitikwa inauma kuliko hayo. Shemeji alibaki ameinama kama mtu aliyedondosha kitu chini.

"Maji yako wapi?" mjomba akauliza.

"Hata sisi tunauliza. Twendeni kwenye jiwe mkaone."

Jiwe hilo ndilo watu wote, wa kwao na wa kwetu, tuliliita mwanzo wa kijito. Ni jiwe pana chini ya mlima, na maji yalikuwa yanatokea chini yake, ya baridi, mchana na usiku. Mjomba akapiga magoti, akaingiza mkono mpaka begani, akautoa umejaa vumbi.

"Mmeyaziba kwa ndani," akasema.

"Kwa ndani ya jiwe, mjomba?" Shemeji sauti ikampanda. "Mimi ni jini?"

"Unanijibu?"

Panga lilikuwa bado mkononi. Sikumbuki nilivyofika pale, najua tu nilikuwa katikati yao na nilikuwa napiga kelele, nikimwambia kila mmoja anyamaze na mimi mwenyewe sinyamazi. Nikiwa katika hali hiyo ndipo nikatazama juu. Juu ya jiwe lile kuna korongo linapanda mlimani, na ndani yake ilisimama mikuyu, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka inapotelea kwenye msitu. Mkuyu haupendi ukavu.

"Maji hayaanzi hapa," nikasema. "Yanaanza kule."

"Kule ni msitu tu," shemeji akasema. Alizaliwa pale, na hakuwahi kupanda.

Tukapanda watatu. Mwanzoni kulikuwa na mawe, kama makorongo mengine. Halafu mchanga ukaanza. Nikashangaa, maana mchanga hukaa chini, kwenye tambarare, sasa huu juu mlimani unafanya nini? Tulivyozidi kwenda ndivyo ulivyozidi, mweupe, mpya, unameza mguu mpaka kwenye kigimbi. Ulikuwa na vipande vya mkaa ndani yake, na majani yaliyoungua nusu. Mimi nilikuwa nahema na sikuyafikiria majani yale. Mjomba aliokota moja, akaligeuza, akalitupa. Tangu hapo hakusema tena kwamba mtu atamjua.

Msitu ukaisha ghafla, kama kitambaa kilichopitiwa na mkasi. Mbele yetu mteremko mzima ulikuwa mikorosho iliyopangwa kwa mstari, na chini yake ardhi imefagiliwa, hakuna nyasi, hakuna jani, hakuna kijiti. Sisi watu wa korosho ndivyo tulivyo. Korosho haichumwi, inaanguka na bibo lake, lile tunda lenye maji, unaiokota chini, kwa hiyo kabla ya msimu tunapalilia na kufagia na kuchoma takataka mpaka shamba ling'ae. Mwenye nyasi chini ya mikorosho ni mvivu na atasemwa mpaka kwenye msiba.

"Loo! Shamba la nani hili?" nikasema, na nilisema kwa kusifu, Mungu ananiona. "Mwenye hili hana mchezo."

Nikageuza macho, nikaona kibanda, na mlangoni kwake pazia la vipande vya vitenge, vyekundu, vya njano, vya buluu. Pazia lile nililishona mimi.

Ni shamba la mjomba, nililokuja miaka yote kuleta chakula wakati wa kuokota korosho, ila nilikuwa nalifikia kwa upande wa juu, kutoka kwetu, na sikuwahi kulitazama kutokea chini. Nyuma ya kibanda kulikuwa na bonde dogo lenye miti mikubwa na tope jeusi, tulikuwa tunanawia mikono pale. Dimbwi tu, tulisema. Mjomba aliifyeka miti ile ili aongeze shamba, akafagia mpaka chini kabisa kwa sababu yeye hafanyi kazi nusu. Mvua zilipokuja hazikukuta jani la kuzizuia, zikauburuta mchanga wote bondeni na korongoni. Na sikukuu iliyopita alituambia kwa furaha kwamba lile dimbwi limejifukia lenyewe, amepata pa kupanda mikorosho mitatu zaidi. Tukampongeza. Sasa ilikuwa pale, mitatu, imesimama juu ya mchanga uliofunika maji yetu sote.

Shemeji hakujua lolote. Alikuwa anazunguka kwenye mchanga, anafukua kwa mkono, anaelewa taratibu.

"Ndiye huyu," akasema. "Mwenye shamba hili ndiye aliyetuua. Mjomba, tukimpata utanisaidia kumshika?"

Nilimtazama mjomba. Nilimtazama mpaka nikaona mshipa wa shingo yake unavyopiga. Kwetu huwezi kumvua nguo mjomba wako mbele ya wakwe, hata akiwa na kosa mkononi. Nililijua hilo, nikauma ulimi, na hasira ilinijaa mpaka machozi yakanitoka. Sema, mjomba. Sema mwenyewe.

"Tushuke," akasema.

Tukashuka. Nilikuwa nahesabu moyoni yatakayokuwa: atanyamaza, atamchukua mtoto wa watu ili heshima yake isiguswe, na mimi nitabeba ule mzigo kama nilivyoahidi.

Mdogo wangu alikuwa mlangoni kwake. Mtoto mgongoni, mzigo miguuni, umefungwa kwa kanga, fundo kubwa juu. Macho yamevimba. Hata hivyo alimpigia mjomba goti, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji, akampa kwa mikono miwili. Hakikujaa.

"Mmeyatoa wapi?" mjomba akauliza.

"Kwenye kisima cha pampu, ng'ambo ya barabara. Natoka alfajiri, narudi jua limepanda. Kunywa, mjomba, umetembea."

Mjomba akakipokea kikombe, asinywe. Akakitazama. Kisha akaketi chini, si kwenye kiti alichowekewa, chini kabisa kwenye vumbi.

"Mkwe," akamwambia shemeji, "uliniamkia, sikukuitikia. Marahaba. Shamba lile ni langu. Aliyekausha maji ni mimi."

Shemeji alinigeukia mimi kwanza, kama kwamba nitasema ni utani. Halafu akaondoka akaenda nyuma ya nyumba, tukamsikia anapiga kitu kwa nguvu, nadhani vile vijiti vya nyanya. Mjomba hakuinua kichwa.

"Fungua mzigo, mwanangu," akamwambia mdogo wangu. "Huendi popote."

Mdogo wangu hakuinama kuufungua.

"Mjomba," akasema. "Na msingepanda kule juu? Mngeishia kwenye jiwe, mkalikuta kavu. Ungenichukua?"

Angeweza kumdanganya. Mimi ningemdanganya. Yeye alikigeuza kikombe mikononi, mtoto mgongoni kwa mama yake akianza kulalamika kiu.

"Ningekuchukua," akasema.

Mikorosho ile mitatu aliing'oa mwenyewe kabla ya mvua, na tulizoa mchanga, wa kwetu na wa kwao, kwa makarai na ndoo. Pale bondeni amepaacha, nyasi zimeota mpaka kiunoni, na watu wanaopita wanamsema kwa uvivu, naye ananyamaza. Jiwe lilianza na unyevu tu, sasa linatoa maji membamba. Shemeji anamwamkia, anaitikiwa.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtembelea mdogo wangu. Nilikuwa natafuta mkeka chini ya kitanda nikaukuta ule mzigo, fundo lilelile, kanga imeshika vumbi. Nikaubonyeza, vinguo vya mtoto vimo humo, na mtoto mwenyewe sasa anakimbia nje na havimwenei tena. Nikamwuliza, wewe, kwa nini hujaufungua mpaka leo?

Alikuwa anapepeta mchele, hakusimama.

"Uache hapo hapo, dada," akasema. "Maji yakikauka tena, nani atakumbuka kupanda mlimani kabla ya kuja kunichukua?"