Zamu ya Shakila

Kila asubuhi, katika nyumba ya Mama Kunegunda pale Mfaranyaki, swali lilikuwa moja: "Leo zamu ya nani?" Na kila asubuhi Shakila alikuwa nyuma ya pazia la chumba chake, kajifunga kitenge mabegani kwa baridi ya Songea, akisikiliza kama leo litatajwa jina lake.

Halikutajwa. Leo Mama Remmy. Kesho Mwalimu George wa chumba cha pembeni, ambaye alifagia huku anapiga mluzi na takataka zote akazisukumia kwenye kona. Siku nyingine mama mwenye nyumba mwenyewe. Kila mtu alikuwa na siku yake ya kufagia uwanja na kuosha choo, isipokuwa Shakila.

Haikuwa kwa ubaya. Siku aliyofika, Mama Kunegunda alimtazama yeye, akatazama na vitabu vyake, halafu akawatangazia wapangaji: "Huyu mtoto amefuata chuo kikuu. Asisumbuliwe na mtu. Fagio hashiki, choo haoshi, na maji nitamchotea mimi." Siku hiyo Shakila alidhani amefika peponi.

Maana kwao Nakapanya jina lake lilikuwa halipumziki. Shakila, geuza korosho juani. Shakila, mbebe mdogo wako. Shakila, basi hilo, kimbia! Naye hukimbia na beseni kichwani mpaka chini ya dirisha la basi, vumbi puani, anatangaza korosho. Alikuwa akinung'unika, "Mama, jina langu mtalichakaza." Mama yake anacheka: "Likichakaa nitakupa lingine, mwanache jwangu." Ndivyo Wayao wanavyomwita mtoto wao, na hapa Songea hakuna aliyemwita hivyo.

Hapa walimwita Msomi. Akitoka kuanika nguo, Mama Remmy alipunguza redio. Huyu Mama Remmy ni Suzana, msichana tu kama yeye, ila yeye ana mtoto mgongoni. Wanawake wakiwa wanacheka jikoni, Shakila akipita wananyamaza. "Pole na masomo, Msomi." Ndoo ya maji aliikuta mlangoni imejaa, imefunikwa kwa sahani safi. Aliiingiza ndani haraka, kama vile ameiiba.

Chuoni nako mambo yalimharibikia. Siku aliyosimama mbele ya darasa kueleza kazi yake, Kiingereza kilimtoka na lafudhi yote ya kwao. Vijana wawili wa nyuma wakamwigiza. Darasa likacheka, si sana, ila lilicheka. Shakila akakaa kabla hajamaliza, na tangu hapo hakukanyaga tena kwenye somo lile. Alivaa asubuhi, akabeba mkoba ili pale nyumbani wasijue, akaenda kukaa kwenye benchi nje ya maktaba, anatazama watu wakipita wawili wawili. Usiku usingizi haukuja. Ugali ukawa kama karatasi mdomoni.

Mama yake alipopiga simu, nyuma ya sauti yake mabasi yalikuwa yanapiga honi, na Shakila alikuwa anayafahamu hata honi zake.

"Unakula, mwanangu?"

"Nakula, mama."

"Usingizi?"

"Nalala."

"Na hao wenye nyumba, wazuri?"

"Wazuri sana."

"Alhamdulillahi."

Hilo la mwisho halikuwa uongo, na hapo ndipo alipokwama. Mtu analalamikaje kwamba amechotewa maji? Simu ikikatika alikuwa anaendelea kuishika sikioni, kama vile vumbi la Nakapanya lingeweza kupita humo likamfikia.

Basi, akakata tiketi. Angerudi nyumbani na chuo angeacha. Angesema anaumwa, mengine yangejulikana hukohuko.

Alfajiri ya safari akatoka na begi lake taratibu, asionwe. Lakini uwanjani kulikuwa kumeshachangamka. Suzana alikuwa amesimama na fagio mkononi, macho mekundu, Remmy mgongoni anakoroma kwa uchovu wa kulia. Meno yalikuwa yanamtoka, na usiku kucha alikuwa na joto. Mama Kunegunda alikuwa barazani, mikono kiunoni.

"Mama Remmy, zamu ni zamu."

"Mama, nikiinama tu anaamka."

"Kwani sisi hatukuzaa? Tulizaa na tukafagia."

Suzana akainama. Remmy akaamka, akaangua kilio.

"Nipe mimi hilo fagio," Shakila alisema.

Wote wakageuka. Mama Kunegunda akaliona begi asilielewe. "Wewe wahi chuo, Msomi," akasema, na sauti yake ikalainika palepale. Kule kulainika ndiko kulikomchoma Shakila.

"Siendi chuo, mama. Naenda kwetu."

"Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Sasa nani kakukosea? Mimi?"

"Hujanikosea. Hujawahi hata kunifokea." Machozi yakaanza kumtoka, naye hakuyafuta. "Humu ndani unamfokea kila mtu, mama. Unamfokea hata Mwalimu George. Mimi hunifokei. Kila siku nasikia zamu inazunguka, ikifika kwangu inaruka. Nipo kama mzigo wa mtu uliowekwa hapa usubiri mwenyewe. Nipeni na mimi siku yangu. Naomba."

Mama Kunegunda akakaa kwenye ngazi ya baraza. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa.

"Maji nakuchotea," alisema.

"Najua, mama."

"Na mgongo wangu huu."

"Najua."

Akawa anakunja na kukunjua pindo la khanga yake. Halafu akasema, kama anaongea na ile khanga: "Mimi nilitolewa shule nije kulea wadogo zangu. Nilikuwa nafagia uwanja wetu, nasikia wenzangu ng'ambo ya barabara wanaimba jedwali la hesabu. Nikawa nasema moyoni, angetokea mtu akaninyang'anya hili fagio. Mtu yeyote. Hakutokea. Ulipokuja wewe nikasema, huyu nitamnyang'anya."

 Shakila alitamani kumshika mkono, akaogopa.

Suzana ndiye aliyewaokoa. "Jamani, mtoto analia na uwanja mchafu. Anayetaka fagio, hili hapa."

Shakila akaweka begi chini, akafagia. Alifagia kama walivyomfundisha kwao, anarudi kinyumenyume asiache unyayo, na mistari ya fagio ikabaki imelala vizuri kwenye mchanga. Mama Kunegunda akamtazama weee, mwisho akashindwa kujizuia.

"Na kona hiyo je? Ndivyo mnavyofagia Wayao? Mmezoea korosho zianguke zenyewe, nyie kazi yenu kuokota!"

"Na nyie Wangoni kazi yenu kukaa barazani na kunyoosha kidole!"

Utani huo ulimtoka Shakila tu. Suzana alicheka mpaka Remmy akaacha kulia amshangae. Mama Kunegunda akafunika mdomo kwa khanga, mabega yanatikisika. Huko stendi basi la Masasi, linalopita Nakapanya, lilikuwa limeshaondoka, na hakuna aliyelikumbuka.

Baadaye, wakiwa jikoni wanamenya viazi, Suzana aliuliza, "Ulikuwa unaacha chuo kwa ajili ya fagio tu?"

Shakila akamweleza habari ya darasa, na ya lile benchi.

"Na hao wa chuo umewaambia?"

"Nimwambie nani?"

"Mimi nitajuaje, shoga? Ila sisi tulidhani umefurahi humo nyuma ya pazia."

Mchana huo Shakila akaenda kwa Mwalimu Judica, mlezi wa wanafunzi, mama aliyehamia kutoka Kilimanjaro. Alisimama mlangoni mpaka akaambiwa aingie. Akasema yote vibaya vibaya, ya mwisho yakatangulia: halali usiku, hali chakula, anataka kurudia kueleza kazi yake, na anaomba safari hii asichekwe.

"Alama siwezi kukuahidi," Mwalimu Judica alisema. "Nafasi nitakuombea kwa mwalimu wako, na wale vijana nitaongea nao. Kuna na wenzako huwa wanakuja hapa kwangu mchana, tunakaa, tunaongea. Mmoja katoka Kigoma, analilia dagaa wa kwao kama mtoto. Njoo."

Alikwenda. Alirudia kazi yake na sauti ikimtetemeka, lafudhi ikiwa ileile. Usingizi ulirudi kidogo kidogo, si kila usiku. Na mama alipopiga simu alisema, "Mama, nilikuwa na hali mbaya, sikukwambia," wakalia wote wawili huku mabasi yakipiga honi.

Nakapanya haikumtoka. Asubuhi kabla hajafumbua macho alikuwa bado anasikia korosho zikigeuzwa juani, kile kimlio chake cha mvua ndogo. Siku moja alikuwa amelala hivyo, kajikunja kwenye blanketi, yuko kwao kabisa, sauti ya Mama Kunegunda ikapasua uwanja.

"Shakila! We Shakila! Zamu yako, au umeshakuwa Mngoni wa kukaa barazani?"

Alisikia vizuri. Akatulia kimya chini ya blanketi, ili aitwe tena.