Mkeka wa Barazani

Nilitoka milima ya Urundi, upande wa Wabelgiji, ambako blanketi halikunjwi mwaka mzima. Mume wangu, seremala wa Tabora, alinijengea nyumba ya bati pale Chemchem, akalionea fahari bati lile kuliko alivyonionea mimi. Sikumlaumu. Majirani wote waliezeka nyasi.

Masika ya kwanza nusura yanitoe roho. Mvua ilinyesha asubuhi, adhuhuri jua likarudi, na ndani mkawa kama mtu amefunika chungu cha maharage. Chumvi ililoa koponi, gauni likaniganda mgongoni. Siku ya tatu nilitoa mkeka na mto, nikalala barazani mchana kweupe, usingizi mtamu kuliko wote tangu nifunge ndoa. Kesho yake nikarudia.

Kumbe kwa wakwe zangu, mke akitoa malazi yake nje, ameikataa ndoa. Hakuna aliyenieleza, nami sikuwa na tabia ya kuuliza. Jioni ile mama mkwe alifika kwa miguu kutoka Itetemia, pamoja na baba mdogo wa mume wangu, wote wamevaa nguo za kanisani. Baba mdogo alitaja siku ya treni ya Kigoma, akasema watanirudisha kwetu kwa heshima. Mume wangu aliitwa kutoka karakana. Alisimama na vumbi la mbao mikononi, akiangalia chini. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilimpenda, na sikuwa nimewahi kumwambia.

Mama mkwe akaniuliza, “Mwanangu, amekukosea nini?”

“Hajanikosea, mama. Ni joto.”

Baba mdogo alisema hicho ni kisingizio. Mama mkwe aliingia chumbani, akakaa huko kitambo, akatoka jasho likimtiririka shingoni, amebeba mkeka wa pili. Akautandika kando ya wangu, akajinyoosha.

“Shemeji, rudi nyumbani,” alisema. “Sisi tunaongea.”

Tangu hapo, kila masika alikuja kulala nami barazani, watu wasipate la kusema. Kwa kweli hatukuwa na mengi ya kuongea.

Masika yaliyofuata kifo chake nilitandika mkeka wangu, nikautazama, nikaanza kuukunja. Mume wangu alikuwa akipiga randa uani. Aliweka randa chini, akaleta mkeka wa mama yake, akajilaza kando yangu, majirani wakipita.