Viatu Namba Thelathini na Saba

Hortense alikuwa na siri mbili, na zote mbili zilikaa miguuni. Ya kwanza ni nundu. Kila mguu ulikuwa na yake, ubavuni pa kidole gumba, ngumu na nyekundu, na kidole chenyewe kimepinda kikiwaegemea wenzake kama mlevi. Ya pili ni namba ya viatu. Mwaka wa harusi yao, marehemu mumewe Émile, karani wa reli, alimnunulia viatu vyake vya kwanza vya ngozi, namba thelathini na saba. Tangu hapo mpaka mwaka wa sitini na mbili, Katanga ikiwa imejitenga na Kongo, ina bendera yake na stempu zake, Hortense hakuwahi kukubali kwamba mguu nao huongezeka. Muuza viatu akiuliza, anajibiwa thelathini na saba, na mazungumzo yameishia hapo.

Usimcheke upesi. Lubumbashi ya siku zile, mke wa karani alisomwa kuanzia chini. Kiatu cha ngozi, kimefungwa mbele, kina kisigino. Ukienda misani na raba za turubai, kabla ya padri kumaliza mahubiri mtaa wako mzima, ule uitwao Kenya, unajua kwamba mambo ya nyumbani kwako yameharibika. Hortense alikuwa mjane, lakini mambo yake hayakuwa yameharibika, na alitaka hilo lieleweke.

Kazi yake ilikuwa ushonaji, kwa mashini ya kukanyaga. Miaka ishirini ya kukanyaga, halafu baridi yabisi ikaingia kwenye vifundo na kujikalia kama mgeni asiyeaga. Asubuhi, hatua kumi za kwanza kutoka kitandani alizitembea akishika ukuta. Mwishowe alikwenda dispansari, kwa muuguzi mmoja mpole aliyeitwa Lucien, na hata kule alivua viatu lakini soksi akabaki nazo.

"Mama, hii ugonjwa haitaisha yote," Lucien akamwambia. "Lakini unaweza kuishi nayo muzuri. Mangaribi weka maguu mu maji ya moto na chumvi. Ukikanyaga mashini kidogo, pumzika kidogo. Kamata chupa, uibiringishe chini ya muguu. Na ile viatu yako, mama, inakuua. Tafuta pana, bila kisigino."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, naye Hortense alisikia nusu. Maji ya moto, sawa. Chupa, sawa. La viatu likapita sikio hili likatokea lile. Jioni alikaa uani akiibiringisha chupa tupu ya bia chini ya unyayo, huku kikwembe alichojifunga kiunoni kimefunika kila kitu isipokuwa shingo ya chupa. Haukupita mwezi, majirani wakanong'ona kwamba mjane wa Émile ameanza kunywa. Akawaacha wanong'one. Afadhali mlevi kuliko mwenye nundu.

Sasa sikia kilichomkuta. Hortense alikuwa amemlea Mujinga, binti wa kaka yake Stanislas, aliyechimba shaba kule Kambove na kufa kifua kimemwisha. Siku zake za mwisho Stanislas alimshika dada yake mkono na kusema, "Huyu mutoto, siku ya kwenda kwa bwana yake, utamufikisha weye mwenyewe." Mujinga alikuwa na miaka sita. Sasa alikuwa na ishirini na mbili, na mwalimu Donat wa Kamalondo alikuwa ameshatoa mahari yote aliyoombwa. Kwao, shangazi ndiye anayempeleka bibi harusi, anamshika mkono na kutembea naye kutoka mlango hadi mlango. Hata ukiwa na gari, unatembea.

Siku tatu kabla ya harusi, Mujinga akasema, akiwa anakunja vitambaa, "Shangazi, kwa akina Donat iko desturi moja. Mwenye kuleta bibi, mama ya bwana anamunawisha maguu mbele ya bantu bote. Kama hamunawishe, banasema mutoto alikuja kutembea tu, hakuolewa."

Hortense akajichoma sindano. Alimaliza mshono, akavaa viatu vyake na kuchechemea hadi kwa wifi yake Annie, mke wa mdogo wake, akamwambia kwamba yeye anajisikia vibaya, na bibi harusi apelekwe na Annie. Annie, mwenye miguu laini kama ya mtoto wa ubatizo, hakuombwa mara mbili. Jioni ile ile alikuwa ameshachagua kikwembe.

Mujinga aliposikia hakulia wala hakugomba. Aliwasha moto, akatia chumvi kwenye maji, akaleta karai mbele ya shangazi yake kama alivyofanya kila jioni, akageuka kutazama ukuta, kwa maana hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba.

"Baba hakusema Annie," akauambia ukuta.

Maneno hayo yalimuuma Hortense kuliko nundu zote mbili.

Kesho yake akaenda kwa Clément, fundi viatu wa karibu na soko. Clément akatandika gazeti chini, akamsimamisha juu yake, akazungusha kalamu kuufuata mguu, kisha akalitazama lile umbo kwa muda.

"Mama, weye iko makumi ine," akasema, yaani arobaini.

"Thelathini na saba," Hortense akasema.

"Kalamu yangu haina siasa, mama. Makumi ine."

Akachukua viatu vyeusi vya kiume ambavyo mwenyewe hakurudi kuvichukua, akang'oa visigino, na mahali pa nundu akakata dirisha. Juu ya dirisha akashona kiraka cha ngozi laini ya mbuzi, ili nundu ipumue bila kuonekana. Kwa kuwa juma lile alikuwa akikata misalaba ya shaba, ile ya kwenye bendera ya Katanga, kwa ajili ya mikanda ya askari, na kigezo kilikuwa mezani, kiraka nacho akakikata kwa kigezo hicho hicho. Hortense aliviona vibaya kabisa. Kisha akavivaa, akatembea hadi mlangoni na kurudi, kisha akatembea tena, maana hakuamini.

Annie akaambiwa shangazi amepona. Akanuna, lakini akaja.

Jumamosi wakaondoka, wanawake wakiimba nyuma, Hortense mbele na mkono wa Mujinga mkononi mwake. Karibu na reli palikuwa na kizuizi cha askari, mti umelazwa barabarani. Sajini akaanza kudai karatasi, akatazama chini, akaona msalaba wa Katanga juu ya kila kiatu. Akasimama wima, akapiga saluti, mti ukainuliwa. Hortense akamwitikia kwa kichwa kama mke wa waziri. Miguu ilimuuma, ndiyo, lakini yalikuwa maumivu ya mtu anayefika.

Kwa akina Donat karai lilikuwa tayari. Mama wa bwana harusi, Wivine, mwanamke mnene mwenye sauti nzito, akapiga magoti kwa shida akishikilia kiti, akafungua kamba za kiatu, akavuta soksi. Nyimbo zikakatika. Hortense akafumba macho. Aliisikia pumzi ya Annie mgongoni mwake, na aliona haya hata masikio yakawaka.

Maji ya moto yakaja. Kisha kidole gumba cha Wivine kikatua juu ya nundu, si pembeni, ni pale pale penyewe, kikabonyeza polepole.

"Hapa ndio inauma asubuhi," Wivine akasema kwa sauti ya chini. "Na hapa, kama mvua inakaribia."

Hortense akafumbua macho. "Ulijua namna gani?"

Wivine akasogeza kikwembe chake. Alikuwa peku, na nundu zake zilikuwa kubwa kuliko za Hortense.

"Weye unavalaka ngapi?" akauliza.

Uwanja mzima ulikuwa unasikiliza.

"Makumi ine," akasema Hortense.

"Miye makumi ine na moja." Wivine akaufuta mguu wa kwanza, akauosha wa pili taratibu, akainua kichwa kuwatazama watu wake. "Mutoto amefika," akawatangazia.

Mujinga akaubana mkono wa shangazi yake. Na Hortense, akiwa ameketi peku mbele ya watu wote, akamlilia Stanislas kwa furaha, miguu yake bado imo mapajani mwa Wivine.