Ruzuku ya Mke Mwenza

Ng'ombe wa jirani yangu aliitwa Mke Mwenza. Jina hilo alipewa na Bi Povu, mke wa jirani huyo, aliyechoka kumwona mumewe akikimbilia bandani alfajiri kabla hajamuuliza hata ameamkaje. "Nenda kwa mwenzangu," alikuwa akimtania. "Mpe na salamu zangu." Mzee alicheka tu, akavaa koti lake la kukamulia, akatoka.

Mzee alipofariki, Bi Povu hakulia. Watu walisema, maana binadamu hawaishi maneno. Mimi, ambaye dirisha langu linatazamana na banda lake, niliona kitu kingine. Kila alfajiri, ukungu ukiwa bado umelalia majani, alilivaa koti lile na kuingia bandani. Ng'ombe alinusa mkono wa koti, akalegeza masikio, akashusha maziwa. Bi Povu aliegemeza paji la uso kwenye ule ubavu wenye joto, akakamua kama mtu aliye usingizini. Maziwa yalichuruzika taratibu ndooni, na kwa muda huo hakuna aliyekuwa amekufa. Walikuwa watatu mle ndani.

Kisha serikali ikatangaza ruzuku kwa wafugaji wa maziwa. Ingelipa kwa kila ng'ombe anayekamuliwa, ila lazima afisa mifugo aone maziwa kwa macho yake, kwa sababu safari iliyopita wajanja walilipiwa ng'ombe walioliwa zamani harusini. Bi Povu aliitegemea ruzuku hiyo kufa na kupona. Pumba zilikuwa zimekwisha, na mwenye bucha alishaanza kupita pale kumpapasa Mke Mwenza mgongo, eti anamsalimia.

Sasa mke wa mwanawe, aliyeishi naye pale, binti mwenye adabu mpaka inakera, aliona haya mgeni wa serikali amkute mama mkwe ndani ya koti linalonuka. Akalichukua kimyakimya, akalifua kwa sabuni ya unga, akalipiga na pasi.

Siku ya ukaguzi tulijaa mlangoni, sisi majirani wa kujialika. Ng'ombe akanusa mkono wa koti. Akanusa tena. Akarudi nyuma, akabana maziwa. Bi Povu alikanda kiwele kwa maji ya moto, akavuta chuchu, wapi!

"Mama, labda amekauka?" afisa aliuliza kwa upole.

"Hajakauka, mwanangu. Jana katoa vizuri tu."

"Nakuamini, mama. Lakini ya jana siwezi kuyaandika."

Mkwe akasogea mbele. "Nisamehe, mama. Koti nimelifua mimi. Nilitaka upendeze."

Bi Povu akaupeleka mkono wa koti puani mwake. Sabuni tupu. Kisha akaegemea ubavu wa ng'ombe.

"Mwenzangu," alisema, "mzee amekufa. Hatarudi. Tumebaki mimi na wewe."

Hapo ndipo kilio kikamtoka, kile ambacho kijiji kizima kilikuwa kikimdai. Mabega yakatikisika, mikono ikaendelea kukanda, na Mke Mwenza akashusha pumzi ndefu, akaachia maziwa.

Afisa akaandika. "Hongera, mama, utalipwa." Mkwe akainama ampokee ndoo, mama akapumzike, lakini Bi Povu akatikisa kichwa. Maziwa yakishashuka hayamsubiri mtu amalize kulia. Akalia huku anakamua.