Nilivyokwenda Kigali na Kitako cha Bunduki

Nilikwenda Kigali kutafuta mtu wa kuniambia ndiyo. Kibali changu cha kumiliki bunduki ya kuwindia kilikuwa kimetoka, bunduki moja tu, na muuzaji alikuwa ameniwekea mbili hadi mwisho wa mwezi nichague: ile nzito ambayo wawindaji tunaiita 375, na nyepesi, ya 308. Nzito ndiyo inayoruhusiwa kwa nyati. Nyepesi ni ya swala, kongoni na ngiri, basi. Kijiweni kwetu Mpanda nilishatangaza kwamba msimu huu nitaangusha nyati, na mtu wa miaka hamsini na nane akishatangaza jambo kama hilo anaona haya kurudi nyuma. Aliyepinga ni mke wangu peke yake. Alisema bega langu linashindwa hata ndoo ya maji, sasa nataka likagombane na nyati.

Hapo nikamkumbuka Mzee Gakwaya. Ni Mnyarwanda aliyekulia Mwese, huku kwetu, na ndiye aliyenifundisha kuwinda kabla hajarudi kwao. Nilikuwa na hakika atasema chukua kubwa, nami nirudi na neno lake la kumnyamazisha mama watoto. Ili Mzee aone inavyonikaa begani na asipate kisingizio, nilimwomba seremala anichongee kitako cha mninga chenye kipimo kilekile cha ile 375. Kitako tu, bila mtutu, maana sikuwa na wazimu wa kuvuka mpaka na kitu chenye umbo la bunduki nzima. Nikakifunga vizuri kwenye mfuko wa nailoni.

Siku ya pili ya safari, mchana, basi letu lilifika Rusumo, mpakani. Ofisa wa forodha, dada mmoja mpole, akafungua mzigo wangu. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu kuhusu kitako, hata jasho lilinitoka. Aliisikiliza yote, akakigeuzageuza, akakigonga kwa kidole, akaona ni ubao, akanirudishia. Kisha akaushika ule mfuko.

"Hii ndiyo haiingii," akasema. "Nailoni huku iko marufuku."

Basi nikaingia Rwanda na kitako kwapani, kikiwa wazi. Mama niliyekaa naye kwenye basi alikitazama mara mbili, akahamia kiti cha nyuma. Jioni pale Nyabugogo, stendi kuu ya Kigali, mwenye pikipiki alinivika kofia ngumu, akaniuliza kama hicho ni gitaa. Nilimjibu ndiyo, nilikuwa nimechoka kueleza.

Kinyinya, nyumbani kwa Mzee Gakwaya, nilipokelewa vizuri mno. Mzee anakaribia themanini lakini bado amenyooka. Mkewe, Mama Diane, aliyekulia Bujumbura, alituandalia isombe, hicho kisamvu chao, na ndizi. Kila nilipoanzisha habari ya bunduki Mzee alinisogezea sahani. Mwishowe akasema tutaongea kesho, kwanza tuna umuganda. Ndiyo kazi yao ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi: maduka yanafungwa, magari yanapungua barabarani, kila nyumba inatoa watu.

Asubuhi niliwahi kupita kiasi. Saa za Kigali ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, nami nilikuwa sijarekebisha simu, kwa hiyo nilisimama uani nimekunja mikono ya shati kabla hata mwenyeji hajanawa uso. Kazi ilikuwa kuchimba mtaro kando ya barabara mpya. Nilipoona Mzee ananitazama, nikachagua sururu kubwa kuliko zote na kuanza kuishusha kwa mbwembwe. Haikupita nusu saa, bega likagoma. Nikajifanya nakagua mtaro. Jirani mmoja, mama wa makamo, akaniondolea sururu mkononi bila kuniuliza, akanipa jembe dogo.

"Muzehe, chukua hii," akasema. "Iko nyepesi, itakufikisha mwisho."

Ikanifikisha kweli, ingawa nilinuna muda wote. Mzee Gakwaya, naye na jembe kama hilo, alikuwa amechimba mara mbili yangu.

Alasiri, barazani, hatimaye akaniomba kitako. Akanisimamisha, akaniambia nifumbe macho, nikiweke begani, kisha nifumbue. Kilikaa sawasawa, jicho langu likafuata mstari wenyewe. Nilifurahi sana. Halafu akaniambia nilenge tangi la maji la jirani, na nikiwa tayari niseme "pa".

Nikalenga, nikasema. Akaniambia nirudie. Mara ya tatu, Mama Diane, aliyekuwa akichagua maharage pembeni, akasema taratibu, "Anafumba macho."

Nilikataa katakata. Yeye hakubishana, akachukua simu na kuniambia nirudie tena. Aliponionyesha video nilimwona mzee mzima amegeuza shingo, uso umekunjamana na macho yamefumbwa kama anayechomwa sindano, na hapo neno "pa" lilikuwa bado halijatoka. Tulicheka sote watatu. Mimi ndiye niliyeacha wa kwanza.

"Huu ni ubao, Shabani," Mzee akasema. "Nini kilikutisha?"

Nikamwambia. Msimu uliopita niliazima 375 ya mtu. Ilinipiga bega kwa risasi ya kwanza, na ya pili niliogopa kabla sijaifyatua. Nikamjeruhi kongoni tumboni. Tulifuata damu siku mbili, mimi na mdogo wangu Kassim, hadi ikapotelea kijitoni. Kijiweni nilisema nilikosa. Niliona aibu kuyasema hayo, na nilimhurumia yule mnyama upya.

"Anayekutangulia kufuata nyayo ni nani?" akauliza.

"Kassim."

"Nyati aliyejeruhiwa huwa hakimbii mbali. Anajificha kwenye majani, anamngoja anayetangulia."

Mama Diane akaniletea chai, nayo ikapoa mbele yangu.

Jumatatu nilianza kurudi. Nilikuwa nimechagua bunduki kwa kumfikiria nyati na midomo ya kijiweni, wala sikuwa nimefikiria bega litakaloibeba, sembuse mgongo wa mtu atakayekuwa mbele yake. Kutoka Kahama nilimpigia simu muuzaji, nikamwambia aniwekee ile ya 308. Nyati nikaagana naye kwa simu, na iliniuma.

Kijiweni nilieleza yote, kongoni na video vikiwemo, kwa sababu nilijua nikificha kimoja nitaanza kutangaza tena. Walicheka hadi mwenye kahawa akaweka birika chini. Kassim peke yake hakucheka. Tulipokuwa njiani kurudi nyumbani aliniambia kwamba tangu mwaka jana alikuwa akitafuta namna ya kuniambia hatanitangulia tena porini, na akaniuliza tunaanza lini mazoezi ya kulenga bila kufumba macho.