Kugusa Bomang'ombe na Kurudi

Mimi ni rubani wa glaida, ile ndege isiyo na injini, yenye mabawa marefu membamba, ambayo hukaa angani kwa kutafuta hewa inayopanda. Nimeruka juu ya Alpi. Nimeruka juu ya nyika za Afrika Kusini. Mara moja nilianguka ziwani huko Austria kwa sababu mke wangu aliniita nikabadilishe mtungi wa gesi. Ndege halisi sijapanda hata siku moja. Siku za kazi nauza spea za pikipiki hapa Moshi mjini. Jumamosi alasiri nafunga duka mapema, nawasha kompyuta sebuleni, navaa hedifoni na kushindana na Wazungu ambao nao wamekaa sebuleni kwao. Heshima yetu ni ya kweli, kila kitu kingine ni cha kompyuta.

Baba alikuwa anaishi kwangu tangu mama alipofariki. Tulimteremsha kutoka kijijini Machame, juu mlimani, sisi watoto wake, kwa kikao cha simu, yeye akiwa ajenda na si mjumbe. Dada yangu mkubwa aliendesha kikao. Mguu wa mzee ni mbovu, njia ya kuingia nyumbani ni mteremko wa matope, atabaki na nani? Sababu zote zilikuwa nzuri, na baba hakubishana na hata moja. Ila kila asubuhi, nikishamwamkia shikamoo, aliitikia marahaba halafu akauliza, "Lini tunapanda?" Nami nikajibu, "Mvua zikiisha, baba." Mvua ziliisha, zikarudi, zikaisha tena, na mimi sikubadilisha jibu.

Mchezo wangu alikuwa ameutolea hukumu mapema. "Nilikusomesha," alisema, "ukaishia kuendesha ndege isiyo na injini. Nikasema sawa. Kumbe hata ndege yenyewe haipo."

Mashindano ninayoyapenda ni yale ya muda na maeneo, na nilimweleza baba mara nyingi kuliko alivyoomba. Hamshindani kufuata njia moja. Mnapewa muda, tuseme saa mbili, na maduara makubwa yaliyochorwa kwenye ramani. Kila duara ni lazima uliingie, lakini uingie kwa kina gani, hilo ni shauri lako. Mwisho unahesabiwa umbali uliokwenda, ukigawanywa kwa muda. Ukirudi mapema hupati sifa yoyote: umbali wako wanaugawa kwa saa mbili zilezile kana kwamba ulikuwa bado angani, na ule muda uliobaki umeutupa. Ukichelewa hufukuzwi, ila mwendo wako unashuka. Ufundi wote ni kujua wapi uzame na wapi uguse tu.

"Kama kutembelea ndugu Krismasi," baba alisema.

Nilimwambia si hivyo hata kidogo. Baadaye nilifikiri nikaona ni hivyohivyo. Kila nyumba lazima uingie, hakuna anayekwambia ukae kiasi gani, na ukiondoka kabla ya chakula utasemwa mpaka Pasaka.

Niliwasumbua waandaaji kwa muda mrefu watuletee mashindano Kilimanjaro. Hatimaye walikubali. Tuanzie Moshi, tuingie duara la Tarakea upande wa Rombo, turudi magharibi tuingie duara la Bomang'ombe, tumalizie Moshi. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, nami nilijiona nimeshatunzwa. Wiki nzima nilikuwa nawaandikia wenzangu mawaidha marefu kuhusu tabia za mlima. Mstaafu mmoja wa Poland, bingwa wetu, alijibu kila mara kwa neno moja la kushukuru. Nilidhani ana hofu.

Mkakati wangu ulikuwa safi. Upepo ulipangwa kutoka mashariki, kwa hiyo safari ya mwisho, kutoka Bomang'ombe kurudi Moshi, ingekuwa ya kupingana na upepo. Basi nizame sana Tarakea mwanzoni, jua likiwa kali na hewa ikipanda vizuri, halafu Bomang'ombe niguse ukingo tu na kurudi. Niliyaandika maneno hayo kwenye kikaratasi nikakibandika juu ya kioo cha kompyuta: GUSA, RUDI.

Siku ya mashindano baba alivuta kiti akakaa pembeni yangu. Kawaida alasiri husinzia, lakini alikuwa amesikia mbio ni za huku kwetu. Mlima ulipotokea kwenye kioo, mweupe kileleni, mtupu bila wingu, alicheka kwa dharau.

"Huo si mlima wetu. Mlima wetu saa hizi umeshajifunika."

Nilichungulia dirishani. Kweli, ulikuwa umejifunika kabisa. Mawaidha yangu yote ya wiki nzima yalihusu mlima ule wa dirishani, na hakuna aliyekuwa anashindana kwenye huo.

Hata hivyo Tarakea nilizama. Nilipata hewa nzuri juu ya Himo, nikapata nyingine juu ya Rombo, nikaingia duara mpaka ndani kabisa na kugeuka nikiwa juu sana. Nilipopita tena usawa wa Moshi nikielekea magharibi nilikuwa naongoza. Kwenye hedifoni yule Mpolandi alikuwa kimya. Sijawahi kuongoza mashindano yoyote, ya ndege wala ya darasani.

Nilipovuka ukingo wa duara la pili, kompyuta ililia kuonyesha nimeshaingia. Nikaanza kugeuza.

"Hapo ni wapi?" baba aliuliza.

"Tunakaribia Bomang'ombe, baba. Nimeshagusa. Sasa narudi."

"Fuata barabara ya Machame."

"Baba, kule ni ndani mno."

"Hilo duara lako halifiki Machame?"

"Linafika."

"Basi inaruhusiwa," alisema. "Fuata barabara."

Kwa mkakati wowote unaojulikana duniani, jibu lilikuwa kurudi. Nilimtazama. Alikuwa ameinama mbele mpaka pua inakaribia kioo, mkono mmoja juu ya goti lake bovu, na nilijua kabisa kwamba hapa hayupo mtu anayetazama mchezo. Nikageuza pua ya ndege kaskazini.

Alinielekeza kama unavyomwelekeza dereva mgeni. Daraja lile. Sasa kanisa. Mbona bati la kanisa bado ni la zamani? Picha zilizojengea dunia ya kompyuta hazikupigwa jana, nikamweleza, huenda ni za miaka mingi. Chini yetu migomba ilikuwa zulia la kijani lenye ukungu, na katikati yake paa dogo jekundu. Ni kihamba chetu, shamba la ukoo. Karibu na paa kulikuwa na doa jeusi la duara.

"Mringaringa," baba alisema.

Mti ule aliuangusha mwenyewe, akasimamia upasuaji wa mbao, na katika mbao zile mama alitengenezewa jeneza. Kaburi lake liko hapohapo nyuma ya nyumba, limejengewa vigae vyeupe ambavyo hata ndege ya kweli ingeviona. Baba alikitafuta kile cheupe kwa kidole, polepole, kioo kizima. Hakikuwepo.

"Mti umesimama," alisema. "Kaburi hakuna. Basi siku hiyo mama yako alikuwa jikoni."

Nilikuwa na hedifoni sikio moja, na ndege yangu ilikuwa inashuka.

"Zunguka tena."

"Baba, hapa hakuna hewa inayopanda. Nikizunguka naanguka."

"Nyumbani kwangu hakuna hewa?" Aliudhika kweli. "Zunguka."

Nikazunguka. Mpolandi akavunja ukimya wake, akanionya kwa Kiingereza chake chenye kokoto kwamba nimeingia ndani mno, nirudi. Mwanamke mmoja wa Uholanzi akauliza kama niko salama. Nilivua hedifoni nikaiweka mezani. Tulizunguka mara nyingine, na nyingine, paa likikua, baba akitaja vitu: pale zizi, pale mfereji, pale alikuwa anaanika kahawa. Mwisho tuligusa migomba na picha ikasimama. Maandishi mekundu yakatangaza kwamba nimetua nje ya uwanja na sitahesabiwa mwendo. Nilikuwa wa mwisho, peke yangu, nyuma hata ya Mwingereza mmoja aliyesahau kuanza.

Baba alinishukuru kwa Kichagga, "Aika," jambo ambalo hakulifanya hata nilipomnunulia godoro. Kisha akasema, "Kesho nitasali Machame."

Safari hii sikutaja mvua. Usiku nilimpigia dada, naye akasema sawa, mpeleke, asali, awahi kurudi. Nami nilikuwa na mkakati: ibada, kaburi, chai, gari. Kugusa na kurudi.

Ibada ilikwenda vizuri. Mteremko wa matope aliushuka akiwa amenishika bega, akisimama kusalimiana na kila mtu, hata na ng'ombe. Mama mdogo, mjane wa mdogo wake baba, anayeishi kihamba cha jirani, alikuwa ametupikia mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Baba alikaa muda mrefu kwenye kiti kando ya vigae vile vyeupe, akala bakuli mbili, ambazo kwangu hajawahi kula. Nilipotazama saa na kusema, "Baba, twende," hakuinuka.

"Wewe nenda," alisema.

"Na wewe?"

"Mimi bado. Si ulinifundisha mwenyewe? Anayerudi kabla ya muda amejipunja."

Nilimwambia ule ni mchezo. Akasema ndiyo, na yeye ameuelewa, nami ndiye niliyeanguka. Mama mdogo alikuwa anasuuza bakuli, na bila kugeuka akasema chumba ameshakifagia tangu asubuhi. Kumbe yeye na baba walikuwa wamepigiana simu. Kikao kilikuwa kimeshafanyika, na safari hii ajenda nilikuwa mimi.

Nilimwachia fimbo, dawa za mguu na sweta. Nilimshika mkono, nikashindwa kuuachia, akaniachia yeye. Nikapanda mteremko peke yangu mpaka kwenye gari, nikashuka hadi barabara kuu, nikapita njia panda ya Machame, barabara nyeupe haina gari. Nilifika Moshi mapema mno. Jua lilikuwa bado kali, na kiti chake kilikuwa palepale mbele ya kompyuta.